Simu Iliyoitwa Chifu

Sijui kama haya ni mambo ya simu ama ni ya mzee. Nimejaribu kuyaandika kutoka upande wa simu, na kila nikifika katikati mzee anaingia na kuketi, vile anavyoketi kwa meza ya mtu yeyote. Basi nimemwacha aketi.

Kazi yangu ni kutengeneza simu, ingawa wateja wapya wakikuta mwanamke huuliza fundi yuko wapi. Kibanda changu kiko hapa Kitengela, kimeegemea ukuta wa hoteli ya mama mmoja Mkikuyu, na kwa huo ukuta kuna dirisha dogo ambalo yeye hunipitishia chai na mimi humpitishia maoni. Nabadilisha vioo, nakausha simu zilizoanguka kwa ndoo, nafungua zile ambazo watoto wamezifunga kwa namba ya siri wakaisahau. Shule niliachia kidato cha pili huko Machakos. Ningependa kusema ni karo, lakini dada yangu alimaliza kwa karo ile ile, kwa hivyo nisiionee karo. Kuandika programu nilijifunza kwa video, simu moja ikicheza na nyingine nikijaribu. Nikitaja seva ama soketi hapa, msomi akisoma anaweza kucheka. Acheke kidogo tu.

Hoteli yenyewe ni ndefu na nyembamba. Jiko liko mwisho kabisa, halafu chumba cha meza, halafu uwanja wenye meza nyingine mpaka kwa ua wa seng'enge. Miaka yote mama alikuwa anapeleka oda jikoni kwa mdomo, akiwa amesimama katikati, na sauti yake ilifika hadi steji ya bodaboda. Mwishowe ile sauti iliisha. Akaja kwa dirisha akinong'ona.

"Wewe Mkamba. Hizi simu zako haziwezi kubeba maneno mpaka kwa mpishi?"

"Zinaweza."

"Lakini bando sinunui."

"Bila bando, mama."

Nilijibu hivyo kabla ya kujua kama ni kweli. Halafu nikaenda kutafuta kama ni kweli, na kwa bahati ilikuwa kweli.

Tulichukua simu kuukuu, iliyopasuka kioo pembeni. Nikaivika ile nailoni ya kufunikia vitabu vya shule ili supu isiifikie, nikaitundika jikoni kwa msumari. Simu hiyo inarusha mtandao wake yenyewe, mdogo, wa kutosha hoteli tu, na simu za wahudumu zinaingia kwa huo mtandao. Ndani yake niliweka programu ambayo kazi yake ni kukaa mlangoni ikingoja kubishiwa. Huo mlango ndio soketi, na anayekaa hapo akingoja ndiye seva. Mhudumu akifika kwa meza anabonyeza Anza, simu yake inabisha, seva inafungua. Akimaliza kuandika oda anabonyeza Tuma, maneno yanaingia, mlango unafungwa, na mpishi anasoma kwa kioo.

Wahudumu wakaiita Chifu, kwa vile hakuna jambo lililopita bila kupitia kwake. Wakati huo niliona ni sifa.

Wahudumu walikuwa wasichana wanne na mzee mmoja. Mzee ni Mmaasai. Alikuwa na ng'ombe upande wa Ewuaso Kedong mpaka ukame ukawamaliza, na mama akamchukua awe askari wa geti. Wateja walipenda kusalimiwa na yeye kuliko walivyopenda chakula, kwa hivyo mama akampa eproni, ambayo yeye huifunga juu ya shuka, na akampa meza zake. Hilo ni jambo la kumsifu mama, na naliandika mapema kwa sababu mbele kuna mahali hataonekana vizuri sana.

Katika ng'ombe wote, aliyebaki ni mtamba mmoja, anayekaa kwa ndugu yake ng'ambo ya Kajiado mjini. Mshahara wa mzee ndio unamnywesha maji huyo mtamba na kumnunulia nyasi wakati nchi imekauka. Kila Jumatatu alikuwa akituambia mtamba amefika wapi na mimba yake, na tukisahau kuuliza alikuwa anatukumbusha. Na alikuwa amesema wazi kwamba siku kazi itakapoisha, mtamba ataenda soko. Alisema bila huzuni, kama mtu anayekusomea ratiba.

Sasa, mzee hachukui oda kwanza. Kwanza anasalimu. Mwanamke anaambiwa "Takwenya" na anangojewa mpaka aseme "Iko". Mwanaume anaambiwa "Sopa" na anangojewa mpaka aseme "Epa". Hapa Kitengela hata sisi wa kuja tumejifunza, kwa sababu usipojibu yeye haendelei. Baada ya salamu ni habari. Umetoka wapi, huko mvua ilinyesha ama ilitisha tu, nani mgonjwa, nani ameoa. Mmoja anaeleza yote kutoka mwanzo na mwenzake anasema "ee", "ee", mpaka iishe, halafu wanabadilishana. Hiyo ndiyo adabu ya kwao. Ikishaisha ndipo anauliza, kana kwamba amekumbuka njiani, kama mtu angependa kula kitu.

Mimi nilikuwa nimewafundisha wote wabonyeze Anza wakifika kwa meza. Msichana alibonyeza Anza na Tuma kwa pumzi moja. Mzee alibonyeza Anza kwa "Takwenya", na Tuma akaibonyeza baada ya mvua ya Kajiado yote.

Shida ilionekana saa ya chakula cha mchana, wakati watu wa mijengo na wa magodauni wanaingia kwa pamoja. Simu za wasichana zilianza kuzungusha kale kaduara ka kungoja. Jikoni mpishi alisimama na mwiko mkononi, Chifu mbele yake hana neno. Halafu ghafla oda zote zikaanguka mara moja, chapati na ndengu na ugali na matumbo, na mpishi akaanza kukimbia akizunguka sufuria moja. Siku iliyofuata ikawa vivyo hivyo. Mama alikuwa amepata nafuu ya sauti, na aliitumia yote kuzigombeza simu.

Aliyetoa maelezo ya kwanza ni msichana mkubwa wao, yule mwenye mdomo.

"Ni guka," alisema, yaani babu kwa Kikikuyu, vile walivyomwita mzee. "Akikaa tu na watu, simu zetu zinalala. Ni kama ako na dawa."

"Dawa ni ya huyu Mkamba," mwenzake akasema, akinionyesha kwa kidevu. "Ametoa kwa waganga wa kwao akaweka ndani ya simu."

Tulicheka, na mimi nikiwemo. Mzee pia alicheka, lakini yeye alimaliza mapema.

Mama hakucheka. Alikuwa amekubaliwa kupika kwa kibanda kimoja pale soko la mifugo, Kajiado, siku za soko, na ya kwanza ilikuwa ya kujaribiwa. Watu wa soko wasipokula vizuri, kibanda kitapewa mwingine. Jioni alikuja kwa dirisha.

"Nataka watu wa haraka," aliniambia polepole. "Mzee nampenda. Lakini simu zinalala akikaa, umeona mwenyewe. Nitamwambia mwezi ukiisha."

Nilikuwa nimeona mwenyewe, huo ndio ulikuwa ubaya. Lakini pia simu ni zangu, na mtu akifutwa kazi kwa ajili ya kitu ulichokitundika wewe kwa msumari, chai ya dirishani haishuki vizuri. Nikaamua nikae mchana mmoja kwa hoteli niangalie bila kupendelea mtu. Nilichagua meza ya kona. Na kweli, kila mzee alipoketi na watu, vile viduara vilianza kuzunguka, na alipoinuka vikaacha. Ningeweza kuishia hapo. Kuna mtu ndani yangu ambaye alitaka tuishie hapo, anywe chai yake.

Badala yake nikamwita yule msichana mwenye mdomo. "Bonyeza Anza," nikamwambia, "halafu keti hapa unipigie stori."

"Stori ya nini?"

"Yoyote. Ya yule wa bodaboda."

Aliketi, na stori haikuwa fupi. Kabla hajafika mahali jamaa alimwomba msamaha, wenzake watatu walikuwa wamesimama uwanjani wakipigapiga simu zao kwa viganja. Mpishi alitoka na mwiko akauliza kama Chifu amekufa. Na pale kwa ua wa seng'enge mzee alikuwa amesimama na simu yake mbele ya familia nzima iliyoshasalimiwa.

"Hii imekataa kunijibu," alituambia. "Nimeiambia takwenya na imenyamaza."

Msichana akaangalia simu yake, akaangalia za wenzake, akabonyeza Tuma bila kuandika chochote. Viduara vyote vikaacha kuzunguka.

"Kumbe guka ni mimi," akasema.

Basi nikaenda kwa dirisha, safari hii mimi ndiye niliyebisha.

"Mama, umewahi kwenda kwa ofisi ya chifu kutafuta barua ya kitambulisho?"

"Nani hajaenda."

"Chifu anaita mtu mmoja ndani. Huyo akianza kueleza kesi ya shamba kuanzia kwa babu yake, nyinyi wa nje mnafanya nini?"

"Tunakaa kwa benchi."

"Huyu wa jikoni ni vile vile. Anafungulia mmoja, anamsikiliza mpaka amalize. Wengine wote wako kwa benchi. Nilimwandika hivyo kwa sababu video ya kwanza niliyoona iliishia hapo."

Alifikiria. "Sasa nimfute mzee ama nimfute chifu?"

"Umpe chifu makarani."

"Makarani wa mshahara gani?"

"Hawalipwi. Wako ndani ya simu."

"Hao ndio nimekuwa nikitafuta maisha yangu yote," alisema, akafunga dirisha.

Walimu wa kwenye video wanaita kila karani uzi, lakini mimi nimewazoea kama makarani. Niliandika upya ili Chifu awe na kazi moja tu: kufungua mlango, kusema karibu, kumkabidhi aliyeingia kwa karani, na kurudi mlangoni. Karani ndiye wa kusikiliza. Mwenye maneno mafupi atatoka haraka, mwenye habari za mvua atakaa na karani wake wakielewana, na hakuna wa benchi. Makarani wenyewe sikuwaweka wengi, maana ile simu ni kuukuu na ukiiongezea kazi inapata joto mpaka unaweza kuiwekea chapati juu. Niliweka kikundi kidogo, karani akimaliza na mmoja anachukua mwingine.

Ikafanya kazi. Kwa muda.

Halafu siku moja mpishi akatuma kwa meza ya mlangoni kikombe cha chai na matumbo ndani ya sahani moja. Nisimwonee mpishi: ni mtu mpole, na hupika na kupakua kile kilichoandikwa bila kuuliza. Kwa Chifu kulikuwa kumeandikwa "chai matumbo". Meza moja ilikuwa imeitisha chai mbili na nyingine ugali na matumbo, na makarani wawili walikuwa wameandika kwa ubao mmoja, yaani kile kioo anachosoma mpishi, wakati mmoja, neno la huyu likaingia ndani ya neno la yule. Mteja alikula yote, akalipa, akasema si mbaya. Sijui nimshukuru ama nimwonee huruma.

Dawa yake ilikuwa chaki. Niliweka sheria kwamba ubao una chaki moja. Karani akitaka kuandika lazima aishike, na akimaliza airudishe, na mwingine asiguse ubao kabla hajaishika yeye. Tangu hapo chai ikawa chai.

Baadaye Chifu akaanza kukataa watu. Niligundua kwamba wasichana walikuwa wanabonyeza Anza, halafu mama anamtuma mmoja wao kwa soko la nyanya, na simu inaondoka ndani ya eproni. Karani anabaki ameketi, mwaminifu kupita kiasi, akimngoja mtu ambaye yuko mbali akibonyezabonyeza nyanya. Wakiondoka hivyo wawili watatu, makarani wote wameshikwa na Chifu hana wa kumkabidhi mgeni. Nikaandika sheria nyingine: mtu akinyamaza muda fulani bila kugusa simu, karani aamini ameondoka, amfungie mlango. Kwa kioo cha Chifu nikaongeza nukta ya kijani kwa kila simu iliyo ndani, na kwa iliyofungiwa, neno "ameondoka". Nilijiona nimefika.

Mama naye hakuwa amesahau. Siku ya kwenda Kajiado ilipokaribia, alimwita mzee mbele yetu sote. Hakuwa mkali.

"Kajiado nakupeleka kwa sababu ya lugha," alimwambia. "Huyu Mkamba amesema ametengeneza, mimi sijui. Lakini guka, kazi ikikwama tena kwa meza yako, mwezi ukiisha tutaachana vizuri."

"Tutaachana vizuri," mzee akakubali. Kisha akaniangalia. "Mtamba nitamleta hapo hapo sokoni. Angalau atauzwa mahali nimewahi kuvaa eproni."

Alikuwa amekusudia tucheke. Hakuna aliyecheka.

Kibanda cha Kajiado kilikuwa cha mabati, jiko nyuma, meza mbele, na mbele ya meza ni ng'ombe, mbuzi, vumbi na watu wenye fimbo. Chifu nilimtundika kwa nguzo. Watu walianza kuingia mapema, wauzaji kwanza, halafu wanunuzi, halafu wale ambao hawauzi wala hawanunui. Wasichana walikuwa wanaenda na kurudi, oda zinaingia moja moja kama watu walioshikana mikono. Mzee alikuwa amekaa kwa meza ya mwisho na wazee wanne wafanyabiashara wa mifugo, wengine wametoka Kiserian, mmoja upande wake wa Ewuaso. Nukta yake ilikuwa ya kijani.

Mama alikuja akasimama nyuma yangu. "Anaongea?"

"Anaongea."

"Na wengine wanapita?"

"Wanapita."

Aliangalia kioo muda kidogo. Nafikiri alitabasamu, lakini kulikuwa na mvuke mwingi wa supu na sitaapa.

Nilifurahi mno, na huko kufurahi ndiko kulinifanya niangalie zile nukta zingine na kusahau ya mzee. Aliyeona kwanza ni mama. Alirudi akiwa ameshaanza kufungua kitambaa cha kichwa na kukifunga tena, jambo ambalo hufanya kabla ya kugombana.

"Ile meza ya wazee mbona ni tupu? Wamekaa kuliko watu wote hapa."

Niliangalia. Kwa Chifu, kando ya simu ya mzee, kulikuwa kumeandikwa "ameondoka". Niliinua macho na pale mbele, wazi kabisa, nikaona kichwa chake na shuka lake na eproni yangu ya kibandani, niliyomwazima kwa kuwa yake aliisahau Kitengela. Alikuwa hajaondoka. Mmoja wa wale wazee alikuwa akieleza jambo refu, mikono ikienda, na mzee alikuwa ameinamisha shingo akisema "ee". Baada ya muda, "ee".

Nikaelewa. Kwetu mtu akinyamaza kwa meza, ama ameondoka ama amekasirika, na hivyo ndivyo nilivyomfundisha Chifu. Zamu ya habari ilikuwa imefika kwa mwenzake wa mezani, kwa hivyo mzee alikuwa ameilaza simu. Hata kunyamaza hakuwa amenyamaza. Alikuwa anajibu vizuri kabisa, ila alimjibu mtu. Chifu hakusikia kitu, akamfungia. Wazee walitaja chakula katikati ya habari, lakini kila mzee alipokuja kubonyeza Tuma simu ilimwambia mlango umefungwa, kwa herufi ndogo, naye akaanza upya. Hizo herufi nilizichagua mimi kwa sababu zilikaa vizuri kwa kioo. Mzee hasomi herufi za ukubwa huo bila miwani, na miwani ilikuwa Kitengela.

Mama alikuwa ameshaanza kwenda. Nilimshika mkono, kitu ambacho si kawaida yangu.

"Mama, sio yeye."

"Hata Kitengela ulisema hivyo."

"Hata Kitengela haikuwa yeye."

"Sasa ni nani?"

"Ni mimi. Nimemwambia Chifu kila anayenyamaza amfukuze."

Aliniangalia kutoka juu mpaka chini. "Wewe ukinyamaza kwa kibanda chako mchana mzima, mimi nimewahi kukufukuza?"

Nilijua angeweza kumwondoa Chifu kwa nguzo wakati huo huo na kurudia sauti yake, na ingekuwa haki yake. Lakini kosa lingemwangukia mzee kama ningekaa kimya, na kimya kilikuwa kimeshafanya kazi ya kutosha siku hiyo.

Wakati huo mzee mwenyewe alikuwa ameona chakula hakiji. Aliinuka, akaomba ruhusa kwa wenzake, akaja moja kwa moja jikoni. Akamsalimu mpishi kwa mkono. Akamuuliza ameshindaje tangu asubuhi, mpishi akasema ameshinda vizuri ila moshi, mzee akasema "ee". Kisha akamwambia: paja la mbuzi la kuchoma, mbavu za kuchemsha, supu nne, ugali, na mmoja wao hali pilipili.

Mpishi akamwangalia Chifu. "Haijaandikwa," alisema kwa upole.

Nikaiandika kwa kidole changu.

"Nimefanya nini?" mzee akaniuliza.

"Hujafanya kitu. Chifu alifikiri umekufa."

"Leo?"

"Leo. Mara tatu, naona hapa."

Alilifikiria jambo hilo. "Na hakuna aliyekuja kutoa pole," akasema, akarudi kwa meza.

Mama alimfuata kwenda kuomba msamaha. Nilikuwa nyuma yake nimebeba supu, kwa hivyo nilisikia. Alisema chakula kimechelewa, ni mambo ya simu, wamsamehe. Wale wazee walimwangalia bila kuelewa.

"Mama, kwani unataka tuondoke?" akauliza yule wa Ewuaso.

"Hapana, mzee wangu. Nasema mmekaa sana bila kitu."

"Sisi hatujafika hata kwa mvua," akasema mwingine.

Nyama ilifika wakati mvua ilikuwa inaisha. Walikula, wakaitisha paja lingine, na wakati wa kuondoka mmoja alimuuliza mzee atakuwa hapa siku gani, ili wapitie. Alimuuliza mzee, hakuuliza hoteli, na mama alikuwa amesimama karibu akipangusa meza ambayo ilikuwa safi. Kwa kuwa naandika yote, niseme pia kwamba mmoja wao alisema chumvi ilikuwa kidogo, na ilikuwa kidogo.

Tulipokuwa tunafunga vyombo mzee hakuonekana. Nilimpata kwa zizi la mitamba, ameegemea mbao, fimbo ya mtu mwingine mkononi.

"Unanunua ama unauza?" nikamuuliza.

"Naangalia wa watu," alisema. "Wangu nikimfikiria hapa ndani, sioni mahali pake pa kusimama."

Nikasema "ee", na akaniangalia kama mwalimu anayeshangaa kwamba mtoto wa nyuma amejibu.

Tuliporudi, mama alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliongea na mimi, lakini kwa sauti ya kutosha watu wawili.

"Huyu mzee akinyamaza, simu yake haiwezi kumsemea?"

"Inaweza. Inakuwa inatuma neno dogo kwa Chifu yenyewe, bila kuguswa, ili ajue bado yuko. Neno likikatika ndio anajua ameondoka kweli."

"Neno gani?"

"Lolote, mama. Wengine wanaita mpigo wa moyo."

"Weka 'ee'," alisema.

Mzee alifungua eproni, akaikunja vizuri, akaniwekea mkononi, kisha akaichukua tena.

"Kesho nije saa ngapi?" akamuuliza mama.

"Kwani guka umesahau saa ya kazi?"

Kwa hivyo hivi sasa kila simu hapa hotelini inasema "ee" kwa Chifu, kila baada ya muda mdogo, na Chifu naye anajibu. Ikienda kununua nyanya, "ee" inakatika na karani anajua kufunga. Ikilala tu kando ya sahani watu wakiongea, karani anakaa. Herufi za onyo nimezikuza. Wasichana wanalalamika kwamba ni kubwa mpaka wateja wanazisoma kutoka meza ya pili, na wana haki, nitazipunguza kidogo. Kibanda cha Kajiado mama amekipata, ingawa sitasema ni kwa sababu ya Chifu, maana chumvi pia ameongeza.

Juzi mzee alifika kazini mapema kuliko mpishi. Mtamba alikuwa amezaa. Alianza na meza ya mlangoni, kutoka mwanzo, kutoka siku ndugu yake alipoona mtamba akijitenga, na akaendelea meza kwa meza mpaka saa ya chakula. Wasichana walipita pande zote mbili zake na oda zao. Mama alifungua dirisha.

"Muulize Chifu kama mzee anapumua," alisema.

Niliangalia nukta yake kwa simu yangu. "Anapumua."

Mchana ulipotulia alikuja kibandani kwangu, akaketi kwa kiti cha wateja, akaniambia takwenya. Nilikuwa nimeshajua kutoka kwa meza nne kwamba ni ndama jike, na ana doa jeupe kwa paji la uso. Nikaweka bisibisi chini, nikasema iko, na yeye akaanza pale ndugu yake alipoona mtamba akijitenga. Nikawa nasema "ee" mahali panapofaa.